Gumba Nyuma ya Bizimu

Wifi yangu hakuwa na haja ya kumwona mtu ili amjue. Mpe mkanda wake tu. Angeupitisha mkononi, akafumba macho, akasema: "Huyu alikuwa mnene, kisha akakonda ghafla. Na alikuwa akilala nao." Mimi niko kwenye cherehani yangu upande wa pili wa chumba hicho hicho, nywele zinanisisimka, namwambia, "We mwanamke, acha kuongea na maiti, mie nina gauni la watu la kumaliza hapa!" Anacheka.

Mtaa mzima ulimwita Mama Mikanda. Ukutani ilining'inia mikanda ya zamani ya kijeshi isiyopungua sitini, na ngozi ina ubaya wake: haisahau kiuno. Kila mkanda ulikuwa umejikunja kwa umbo la mwenyewe, kana kwamba bado yumo. Miaka yote ile sikuwahi kuupa ukuta ule mgongo.

Wakusanyaji wa vitu vya kale walitoka mbali kumtafuta. Aligeuza bizimu, ile shaba ya kufungia, akasoma mhuri wa kiwanda nyuma yake. Mhuri ukiwa umefutika, alihesabu mishono, akachungulia kama matundu yalitobolewa kwa mashine au kwa msumari. Wajanja wanaochemsha ngozi mpya kwenye majani ya chai ili ionekane kuukuu aliwajua kwa kunusa tu. "Huu umezeeka jana," angesema, na kumrudishia mtu mzigo wake.

Lakini hakuianza kazi hii kwa ajili yao. Aliianza kwa ajili ya mumewe, ambaye ni kaka yangu. Miaka thelathini na moja iliyopita jeshi lilituletea jeneza lililopigwa misumari, tukakatazwa kulifungua. Tukazika tulichopewa. Wifi aliomba kitu kimoja tu, mkanda wa mumewe, kwa kuwa aliushona upya kwa mkono wake wiki ile anaondoka. Wakamwambia umepotea. Akaanza kuutafuta kwenye marundo ya mitumba, kwa mafundi viatu, kwa wanajeshi wastaafu, na huko kutafuta ndiko kulikomfundisha kazi. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata, walisema wahenga. Hawakusema kapata nini.

Asubuhi moja akaja mkusanyaji tuliyemzoea, Bwana Miwani, na boksi kifuani.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, ila viatu vua, nimepiga deki," nikamfokea.

Wifi akatoa mkanda mmoja ndani ya boksi, akafumba macho kama kawaida yake. Kisha akayafumbua.

"Wifi, njoo."

Uzi mwekundu uliopakwa nta, mishono imelalia kushoto. Wifi hushonea mkono wa kushoto. Nikapiga yowe. "Umepatikana! Jamani, umepatikana!" Nikamkumbatia. Alikuwa mkavu kama ubao.

"Ngoja," akasema. "Niusome kwanza. Siku anaondoka alifunga tundu la tatu. Tazama mikunjo: hapa alihamia la nne. La tano. Haya mawili yaliongezwa na fundi viatu, tumbo limekua. Na huku mwishoni kuna meno."

"Meno ya nini, panya?"

"Ya mtoto anayeota meno."

Nikawaka. "Umeokotwa na mtu mwingine huo! Kaka yangu alikufa! Mimi mwenyewe nilimtupia udongo!"

Wifi akanigeuzia ngozi iliyo nyuma ya bizimu, imelika ikawa na bonde laini. Kaka alikuwa na tabia ya kusimama amechomeka kidole gumba pale. Mama alimgombeza mpaka akachoka.

"Ngozi hailiki hivi kwa miaka miwili ya jeshi," wifi akasema. "Hii ni miaka ishirini na zaidi."

Sisi kwetu tuna gumba pana, fupi, la kuchekwa na watu. Nikalichomeka langu. Likakaa barabara. Palikuwa na uvuguvugu, labda wa mikono ya wifi. Labda.

"Na hili tundu la ndani kabisa?" akauliza Bwana Miwani, masikini, hajui lolote.

"Limechomwa kwa msumari wa moto, juzijuzi. Alikuwa mgonjwa, amekwisha. Umeupata wapi?"

"Mbali, siku mbili kwa basi. Mzee mmoja kafariki mwezi uliopita, wanawe wakauza nguo zake kwa mafungu." Akatukodolea macho. "Wa mwaka gani, mama?"

Wifi akamtajia mwaka mkanda ulipotengenezwa, akamwandikia kwenye karatasi, akamrudishia.

"Chukua. Si wangu."

Mimi ndiye niliyelia. Nilimtukana kaka yangu matusi yote niliyoyajua, mshenzi, mnafiki mkubwa, anakula anashiba huko na sisi huku tunamlilia.

Kesho yake asubuhi wifi akachukua fagio aende kaburini, kama afanyavyo kila wiki.

"Unakwenda kumfagilia nani?" nikafoka. "Hujatosheka kufanywa mjinga?"

Akavaa viatu, akatoka. Nikamfuata nikilalama njia nzima.

Makaburini hakufagia. Aling'oa kibao chenye jina la kaka, akakilaza kifudifudi, kisha akapiga magoti. Hapo ndipo mwili ukanisisimka, kwa sababu nilikumbuka kwamba jeneza lile lilikuwa zito. Wanaume sita walilibeba wakihema.

"Samahani, mwanangu," wifi akasema, maana yeyote aliyelala pale aliletwa kijana, na yeye sasa ni bibi wa miaka sitini. "Miaka thelathini na moja nakuita jina la mtu mwingine. Mama yako bado anakutafuta?"

Nami, mbishi wa kutupwa, nikajikuta nimetega sikio.