Niliyekwenda Kumchukua Timau

Nilifunga safari kwa sababu ya neno moja. Mdogo wangu Wanjiku, wa miaka minane, aliniambia kwenye simu, "Leo mama amenichomea viazi." Mama yetu tulikuwa tumemzika mwanzoni mwa mwaka. Baba alitangulia zamani. Baada ya mazishi nilibaki Ruring'u, pale Nyeri, kwa tata, yaani shangazi yetu, na Wanjiku akachukuliwa na kaka ya mama, mjomba tusiyewahi kumwona kabla ya hapo. Nikajua basi: ameshaanza kumwita mke wa mjomba mama. Nikaapa kumrudisha.

Asubuhi nilitoka Nyeri mjini na sweta ya mama begini, mtoto ainuse akumbuke. Kuanzia Naro Moru mlima ulikuwa wazi upande wa kulia. Mama alikuwa akiusalimia kila alipoanika nguo, nami niliukazia macho mpaka Nanyuki.

Kutoka Nanyuki ni ngano tupu hadi Timau. Mjomba alinipokea stendi, amevaa gambuti za mpira. Ana kicheko cha mama, na hilo lilinichoma zaidi.

Nyumbani kwake Wanjiku alinirukia shingoni. Sikungoja hata chai.

"Ati umepata mama mwingine?"

"Mama si huyu?" akasema, akimnyooshea mjomba kidole.

Mjomba alicheka hadi akaegemea mlango. "Kwa Kikuyu ndugu ya mama yako anaitwa mama. Kwani huko town hamfunzwi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu hakujawahi kuwa na mjomba wa kuitwa hivyo.

Jioni nikamsikia mjomba akiita kutoka jikoni, "Maitu! Kuja ukule!" Maitu maana yake ni "mama yangu". Wanjiku ndiye aliyeitika, akapewa kiti kizuri, akapakuliwa wa kwanza. Amepewa jina la nyanya, mama yake mjomba, na kwa desturi yetu mwenye jina huitwa na kuheshimiwa kama yule aliyerithi jina lake.

"Mama yangu aliniacha nikiwa kijana mdogo," mjomba aliniambia polepole. "Sasa niko na yeye tena."

Tulipolala nilimuuliza Wanjiku kama tutarudi pamoja. Alikumbatia ile sweta ya mama niliyompa, akalia kidogo. Kisha akasema, "Nikienda, mama atabaki na nani?"

Kesho yake nilirudi peke yangu, mlima sasa uko kushoto. Sikuutazama.

Nilipofika Ruring'u tata alinifungulia. "Umerudi, Grace?" Hajawahi kuniita jina lingine ila hilo la ubatizo, na siku zote nilidhani ni kwa kuwa sisi ni wageni tu kwake.

"Tata, mimi ni Wambui. Si ndilo jina la mama yako?"

Akaweka birika chini. "Najua. Nikilisema nitalia, na wewe uko na machozi yako ya kutosha."

Miezi yote hiyo tulikuwa tumeishi nyumba moja, kila mmoja akimlilia mama yake kimyakimya. Nilimvutia kiti.

"Basi kaa hapa, mwanangu," nikamwambia, "nikumiminie chai."