Mdogo wangu aliomba asomewe dua akiwa amelala: kwa hili namvulia kofia

Wakuu, salaam nyingi kutoka Gando, Pemba.

Kisa hiki nilikuwepo, na maji ya wageni niliyachota mimi. Sitii chumvi. Anayedhani natunga aendelee kusoma tu, tutaelewana mbele.

Nina mdogo wangu anaitwa Time. Anasoma ualimu wa sayansi kwenye chuo kimoja hapa hapa kisiwani, anakwenda na kurudi nyumbani. Kichwa anacho, na sisemi hivyo kwa sababu ni ndugu yangu. Wenzake wakikwama kwenye kemia wanamfuata yeye.

Sasa huku kwetu, mtoto akiwa na mtihani mkubwa husomewa dua. Ndugu wanakuja, Yasini inasomwa, chai na maandazi, kombe linaandikwa, yaani aya kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji anakunywa. Mwenye mtihani anakaa katikati kama bibi harusi. Mambo mazuri kabisa, sina ugomvi nayo.

Shida ilianzia hapo. Usiku wa kuamkia UE ya kemia, ule mtihani wa mwisho wa muhula, mama aliita watu. Wakasoma, wakala, kisha wakaanza soga. Na kwetu mgeni hafukuzwi! Time akawa anamimina chai, anaosha vikombe, anaitikia "inshallah" kwa kila shangazi. Walipoondoka akafungua desa, zile notisi zake, ili afidie. Kujiegesha tu, alfajiri hii hapa.

Kwenye chumba cha mtihani mambo yakamgeuka. Swali alilowafundisha wenzake, yeye mwenyewe halielewi. Anasoma sentensi, akifika mwisho, mwanzo umeshapotea.

Akala sup, yaani arudie mtihani.

Waliopita chuo mnajua, sup ukiifeli disco inaanza kukunusa. Kwake ilikuwa hivyo hasa: akianguka tena kemia, chuo kinamfuta.

Mama aliumia sana. Na dawa yake ikawa ileile, ila kubwa zaidi. Safari hii waitwe mpaka ndugu wa kijiji cha Shumba. Mpaka Ami Shaame!

(Ami Shaame ni ndugu wa baba yetu. Akiitikia "aamin", kuku wa jirani wanashuka mtini.)

Nilidhani Time atanyamaza kama kawaida yake. Thubutu! Alimfuata mama jikoni, akamwambia kwa adabu zote:

"Mama, ile test ya katikati ya muhula hakuna hapa nyumbani alojua kuwa ipo. Nlilala, nkapata vyema. UE kijiji kizima kilijua, sikulala, nkafeli. Dua naitaka. Lakini na usingizi nautaka."

Machozi yakamlenga mama. "Mie kemia siijui, mwanangu. Nnachokijua ni dua tu. Nkikaa bure, ntakuwa nimekusaidia nini?"

Kufanya mchana haiwezekani, ulikuwa msimu wa karafuu na watu wako mikarafuuni mpaka magharibi. Lazima iwe baada ya isha. Ndipo mdogo wangu akasema:

"Basi nsomeeni nimelala."

Wakuu, nilicheka. Kisha nikaacha, maana alikuwa hatanii.

Siku ikafika, watu wakajaa. Ami Shaame kabla hata ya kukaa, "Mwenyewe yuwapi?"

"Kalala," mama akajibu.

"Kalala? Twaja kumsomea, yeye kalala? Ntu ana ntihani kesho, alala?"

Hapo nilijua patachimbika. Lakini mama hakumsukumia mtoto lawama. "Nimemlaza mie. Na weye shemegi usome polepole. Ukimwamsha, huo ntihani kesho utakwenda kuufanya weye."

Ami akakaa.

Hamjaona Yasini inanong'onwa na mtu mwenye kifua kile! Jasho lilimtoka. Vikombe tuliviweka juu ya kanga visigongane. Kombe likafunikwa, akalinywe asubuhi. Katikati ya dua mama akanyanyuka, akafunua pazia la chumbani, akachungulia. Aliporudi watu wote walikuwa wanamtazama.

"Akoroma," akasema.

"Alhamdulillah," wakaitikia chini chini, kama walioletewa habari kuwa mzazi kajifungua salama.

Mimi machozi yalinitoka, na sioni haya kusema. Nyumba nzima ya watu waliochoka na karafuu, wamekaa kimya ili mtoto mmoja alale! Siku ile hakuna aliyepiga soga. Waliondoka na viatu mkononi.

Time aliamka alfajiri, akaswali, akanywa kombe lake, akapitia desa kidogo, akaenda. Aliporudi hakusema mengi, "Leo maswali yalikaa." Matokeo yalipotoka kemia imepita, tena vizuri. Disco ikaenda kunusa kwingine.

Najua wengine mtasema ni dua, wengine mtasema ni usingizi. Mwenyewe nimemuuliza, akanijibu, "Kaka, vyote vilikuwepo, wataka nchague cha nini?"

Ndiyo maana namvulia kofia. Wengi wetu tungeikataa dua tukamvunja mama moyo, au tungenyamaza tukafeli kwa heshima. Yeye aliutetea usingizi wake bila kumkosea mtu.

Na nyie mnaojisifu humu kwamba wiki ya UE hamjui kitanda, mnaishi kwa kahawa na energy, jamani! Kichwa kilichochoka ni pakacha. Mimina maji utakavyo, yanapita. Someni mapema, siku ya mwisho laleni.

Siku hizi Ami Shaame akialikwa dua ya mwanafunzi yeyote, haingii kwa kishindo tena. Anavua viatu, anainama mlangoni, ananong'ona:

"Ntoto kalala?"

Akiambiwa bado, hafungui msahafu.

Haya, mliolala na mliokesha, semeni hapa chini matokeo yenu yalikuwaje.