Avansi ya Metre Débora

Kofi la kwanza lilimkuta Madeleine Musoki amekaa sokoni kwenye kibanda chake, anakula muhogo. La pili lilimwangusha. La tatu hakulisikia vizuri, maana Bwana Michée alikuwa ameshaanza kutumia mguu. Soko zima la Bunia lilitazama. Majirani walisogeza nyanya zao zisikanyagwe, na huo ndio ukawa msaada wao.

Michée alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Aru, karibu na mpaka. Kwa miaka alimpa Musoki mabati, manjanja kama wanavyoyaita huko, kwa mkopo. Musoki aliyapeleka Mongbwalu kwa wachimba dhahabu, akirudi analipa. Hawakuwahi kuandikiana kitu. Michée alipokuwa mjini walisali kanisa moja, na hilo liliwatosha wote wawili.

Halafu safari moja watu wenye silaha walilisimamisha njiani lori lililobeba mabati yake. Dereva, Antoine, walimshusha wakamkata kwa panga mbele ya gari lake mwenyewe, kisha wakalichoma gari. Utasema mabati hayaungui. Kweli, hayaungui. Yalibebwa vichwani mpaka porini, na leo yameezeka nyumba ambazo si mimi wala wewe tutakaokwenda kuzihesabu.

Musoki alimzika Antoine kwa akiba yake ya mwisho, akabaki na deni. Michée naye hakuwa shetani, ingawa siku ile alifanana naye. Wenye mali wa ng'ambo ya mpaka, ambao yeye alikuwa anawachukulia kwa mkopo, walikuwa wamemvunja meno ya mbele. Kipigo kilikuwa kinasafiri kama mzigo, kutoka Aru mpaka Bunia, na mwisho wa safari alikuwa Musoki.

Wifi yake, Léontine, ndiye aliyeleta habari ya tribinali, mahakama ya mambo ya biashara. Alisema mfanyabiashara aliyeshindwa kabisa anaweza kwenda kujitangaza kwamba amefilisika. Tribinali inakusanya vilivyobaki, inawagawia wanaodai, na wakati huo hakuna ruhusa ya mtu kujichukulia kwa nguvu. Musoki alikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili na kibanda kitupu. Katika maneno yote ya wifi yake alishika moja tu, kwamba hataguswa tena.

Ikabaki kuamua aende peke yake au na avoka, yaani wakili. Usidhani lilikuwa jambo dogo. Kanisani walimwambia mwenye kuchukua avoka dhidi ya ndugu wa kanisa ametangaza vita, na kwamba mtu mwenye haki anajisemea mwenyewe. Sokoni walisema mwenye franga za avoka ana franga za kulipa deni. Léontine alisema hao wote hawajawahi kupigwa teke la mbavu, kwa hiyo wanyamaze.

Musoki aliahirisha, akaahirisha tena. Mwishowe Michée alimfuata nyumbani na vijana wawili. Walivunja mlango, wakamwaga unga wake uani, wakapiga sufuria zake kwa mawe mpaka zikabonyea. Michée akamkandamiza ukutani, panga shingoni.

"Nitakukata sawa vile walikata Antoine," alisema polepole, mdomo ukiwa bado umevimba.

Kesho yake Musoki alikuwa mbele ya Metre Débora, maana huko wakili huitwa Metre, avoka kijana mwenye ofisi nyuma ya duka la vyakula. Débora alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Alikubali kubeba kesi, na malipo alisema yatakuja baadaye, mambo yakitulia. Alimpa sharti moja.

"Mama, usilipe mutu pembeni, na usiuze kitu, hata sahani moja. Ukiuza, batasema unaficha mali."

Musoki aliitikia ndiyo, lakini moyoni alikataa. Huyu alikuwa mama wa soko. Katika kazi yake hajawahi kuona mtu anayefanya kazi bila avansi, malipo ya kutangulizwa. Dereva usiyempa avansi anapakia mzigo wa mwingine. Mbebaji usiyempa avansi anatupa mzigo wako kwenye tope. Avoka asiyepewa kitu mkononi, je, kesho Michée akimpa, atakuwa avoka wa nani? Wema wa Débora ulimtisha kuliko panga.

Mali pekee aliyobaki nayo ilikuwa juu ya kichwa chake. Asubuhi ya Jumamosi Léontine alishika ngazi, Musoki akapanda na nyundo, akaanza kung'oa misumari ya paa lake mwenyewe. Mtaa mzima ulisikia. Habari zilimfikia Michée kabla manjanja ya tatu haijashuka.

Alikuja mbio, panga mkononi, akamsukuma Léontine, akapanda.

"Kumbe weye iko na mali juu ya kichwa," alisema, "na miye banavunja meno yangu."

Pigo la kwanza lilimpasua Musoki mguu mpaka mfupa ukaonekana. Damu iliteremka juu ya bati. Léontine alimvuta Michée suruali, akapigwa kisigino cha mdomo, akaanguka. Panga likainuka tena. Musoki alikuwa ameshika manjanja iliyokwisha kung'olewa. Aliisukuma kwa nguvu zake zote.

Bati liliteleza juu ya mengine kwa kelele, ukingo wake ukampata Michée chini ya kidevu. Alianguka pamoja na ngazi. Alikufa pale uani, mikono shingoni, kabla hawajapata pikipiki ya kumpeleka hospitali. Na tuseme ukweli, Musoki alifurahi. Furaha ilimpanda kwanza, halafu ndipo akaanza kulia na kumwita Michée kwa jina, kama anayemwamsha.

Metre Débora alimkuta kwenye kachoti, selo ya polisi, sakafuni, mguu umefungwa kitambaa. Alichuchumaa karibu naye.

"Mama, nilikuambia usiguse kitu."

"Nilitaka kukupatia avansi," Musoki alisema. "Léontine atakuletea manjanja. Iko pale uani. Ile moja tu ya kumukata Michée njo polisi walibeba."

Débora alifungua faili mpya, akaandika jina la Musoki juu yake. Safari hii hakumwambia kwamba malipo yatakuja baadaye.