Siku Niliyowaaga Wakwe kwa Tanga

Mimi ni mchunga ng'ombe wa Mhunze niliyeoa kisiwani. Sasa mimi na mke wangu tunazunguka visiwa vya Geita kwa mtumbwi wa tanga, tukiuza vitenge. Juzi, baada ya kuwaaga wakwe mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, nikataka nahodha niwe mimi. Nikapandisha tanga, nikashika usukani, nikawapa mgongo. Maji yakawa yanapita ubavuni, nikajua tunakwenda. Mke wangu akanyoosha mkono nyuma yangu. Nikadhani anawapungia wazazi.

“Mama Kulwa,” nikapaza sauti, “sasa tuko mbali, nikwambie ukweli. Mchuzi wa mama yako ni maji ya ziwa hili hili, anaongeza chumvi tu.”

Mama mkwe akajibu, karibu kabisa na sikio langu:

“Baba Kulwa, hii kamba nikufungulie, au bado unaongea?”