Uji Mbele, Maziwa Nyuma

Miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, barabara yetu ya Kasulo haikupumzika kwa malori. Yalipita na mahindi, yalipita na mablanketi, yalipita na matangi ya maji, na yakishapita mara za kutosha juu ya yale makorongo yaliishia kwetu gereji, difu zikinguruma. Gereji ilikuwa ya shirika moja la misaada, mabati juu ya nguzo za mikaratusi, na mle ndani mwanamke aliyevaa ovaroli nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa nimesomea ufundi wa magari miaka miwili na cheti ninacho. Cheti hicho kilinipatia beseni la dizeli na brashi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma ambavyo wanaume wamevifungua.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa Nyamigogo, upande wa Biharamulo, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, na ulimi ambao mara nyingine ulibadilisha r na l. Sikumchukia, maana alikuwa mchekeshaji na kazi aliijua. Ila kila nilipomwomba anipe difu ya lori niifungue, jibu lilikuwa lile lile.

"Difu nzito, binti. Ikikuvunja miguu nitawaambia nini wazazi wako?"

Nilimjibu kwamba wazazi wangu wamenibebesha ndoo za maji kupanda kilima tangu nina miaka saba na hawajawahi kuulizwa na mtu. Alicheka mpaka akakohoa. Nilinuna siku tatu. Mimi ni mtu wa kununa, sifichi, na nikinuna hata chai sinywi, ingawa kwa kweli nilikuwa nakunywa nyuma ya stoo.

Bosi wetu alikuwa mhandisi wa Kizungu, mrefu kama mlingoti, aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu akakiongea kama anasoma taarifa ya habari. Huyu alikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku kigari. Nilidhani ni cha mtoto wake. Kumbe ni chake mwenyewe. Kilikuwa na urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole na zaidi kidogo, matairi ya vinundu, springi kila gurudumu, na kilikwenda kwa rimoti, kikiruka vichuguu na kutimua vumbi. Jumapili watu wakitoka misa walipitia kwetu kukitazama, na wengine walitoka kambini kabisa, kinamama na watoto migongoni, wakasahau shida zao kwa nusu saa.

Sasa, gereji ya Biharamulo nayo ilikuwa na mhandisi, na mhandisi huyo naye alikuwa na kigari chake. Wakapatana washindane Jumapili, hapo hapo Kasulo, mizunguko kumi kati ya matairi chakavu. Wenye vigari wasiendeshe, waendeshe mafundi. Fundi mkuu akaikamata rimoti siku hiyo hiyo na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Kabla ya mashindano kigari kilitaka kufunguliwa difu. Kilikuwa nazo mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja ndogo kama limau. Fundi mkuu alijaribu kwanza. Vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi, na skrubu ya kwanza tu ikamponyoka ikazama mchangani, tukachekecha mchanga kwa chujio la chai asubuhi nzima. Mhandisi akatutazama mikono mmoja mmoja, akasimama kwangu.

Hapo nikaona mlango. Nikasema mbele ya watu wote, ili asipate pa kukimbilia: "Kikimaliza mizunguko kumi bila difu kufa, Jumatatu nafungua difu ya lori."

Fundi mkuu aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Wote walikuwa wanamngoja.

"Sawa," akasema. "Ikifa, unaludi kwenye beseni, na sitaki kukusikia tena mpaka wakimbizi waludi kwao."

Kwa asiyejua, difu ni kitu cha haki. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu na la ndani lina safari fupi. Ni kama wanaume wanne waliobeba mgonjwa kwenye machela wakizunguka kilima: wa upande wa nje wanakimbia, wa upande wa ndani wanakanyaga papo hapo, na mgonjwa hapinduki. Difu ndiyo inayoruhusu kila gurudumu liende mwendo wake. Katika kile kigari, gia za ndani zilikuwa zinaogelea kwenye mafuta, na uzito wa mafuta ndio uliozipa uhuru au kuzibana. Ukikosea uzito, kigari hakikati kona kama unavyotaka.

Mhandisi alikuwa na chupa tano ndogo za mafuta hayo, kutoka mepesi hadi mazito, zenye namba. Lakini moja ilikuwa imevuja safarini, karatasi zote zikabanduka, namba zikapotea. Naye alikuwa anaondoka kwenda Biharamulo siku nne. Alikuwa ameshapanda gari, injini inawaka, alipotoa kichwa dirishani akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kitabu, kama nilivyokuja kujua baadaye:

"Mbele, mazito kama uji. Nyuma, mepesi zaidi, kama maziwa."

Ila injini ile ilikuwa inanguruma, na nilichokipata mimi ni "mbele kama uji, nyuma kama maziwa." Kilinitosha. Nilielewa kabisa, na kilichoniponza ndicho hicho.

Nilichukua kijiti nikakichovya kila chupa, nikatazama yanavyodondoka. Uji naujua. Uji wa mama yangu ni wa ulezi, mwepesi, unaunywa ukiwa umesimama na jembe begani, unateremka wenyewe. Nikapata chupa inayodondoka hivyo. Hiyo ni ya mbele. Na maziwa nayajua. Kwetu maziwa yanakaa kwenye kibuyu mpaka yagande, yanatikiswa, na ukiyamimina yanatoka kwa kujivuta, pu, pu, pu. Nikapata chupa inayojivuta. Hiyo ni ya nyuma. Nilizisugua gia kwa mswaki, jino kwa jino, nikamimina mafuta mpaka yakazifunika, nikaziacha wazi mpaka povu lote likapanda na kupasuka, ndipo nikafunga. Nilijisifu kimoyomoyo. Nilijiona fundi wa mafundi.

Jumapili watu walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya malori mabovu. Wa Biharamulo walikuja na kigari chao chekundu, wakamtania fundi mkuu kwamba anapigania nyumba isiyo yake. Kabla ya kuanza, kila upande uliruhusiwa mzunguko wa kujaribu. Fundi mkuu akabonyeza. Kigari kikaondoka kama risasi, kikafika kwenye kona ya kwanza, kikatupa makalio nje, kikajizungusha mara tatu na kusimama kikitazama kilikotoka.

"Kanacheza ngoma!" mama mmoja alipiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Akajaribu tena. Kikacheza tena.

"Difu imekufa!" fundi mkuu alitangaza. "Binti, beseni rinakungoja."

Machozi yalinilenga, na yalikuwa ya hasira, si ya huzuni. Mhandisi akakiinua kigari, akazungusha magurudumu kwa kidole, ya mbele, kisha ya nyuma. Akakunja uso.

"Je, mbele umeweka nini?"

"Uji. Kama ulivyosema."

"Na nyuma?"

"Maziwa."

Akazungusha tena. "Haya si maziwa."

"Ni maziwa!" Nikikasirika sauti yangu hupanda hadi kwenye mabati. "Nimezaliwa nyumba yenye ng'ombe, wewe unifundishe maziwa?"

Kisha fundi mkuu, ambaye kwao ng'ombe wapo pia, akauliza polepole kama mtu anayekanyaga gizani:

"Bosi, maziwa gani? Mabichi au mgando?"

Mhandisi alitutazama. "Maziwa," akasema. "Ya chai."

Sijui nani alianza. Nakumbuka mlinzi wetu alikaa chini kabisa akishika mbavu. Na uji je? Mhandisi akaeleza kwamba uji alioujua yeye ni ule wa kambini, wa watoto, ule unaogawiwa kwa upawa na ukigeuza kikombe haumwagiki.

"Ule si uji," nilimwambia. "Ule ni ugali uliochelewa."

Kwa hiyo nilikuwa nimeweka yote kinyume: mepesi mbele, mazito nyuma. Na mashindano yalikuwa baada ya nusu saa, muda usiotosha kumwaga mafuta, kuosha, kumimina upya na kungoja povu. Fundi mkuu alishaanza kuwaambia wa Biharamulo kwamba gereji imemwangusha. Mimi nilikuwa nimekikazia macho kile kigari, na nilipokumbuka jinsi nilivyozifunga zile difu nikataka kujipiga kofi. Zilikuwa pacha. Skrubu zile zile, matundu yale yale. Hakukuwa na haja ya kumwaga hata tone. Zibadilishane mahali tu, ya mbele iende nyuma, ya nyuma ije mbele.

Nikatandika kitenge changu chini nikaanza. Upepo ulikuwa unaleta vumbi, na vumbi likiingia kwenye gia umekwisha. Baada ya kitambo nikaona vumbi limekoma. Niliinua macho: fundi mkuu alikuwa amesimama upande wa upepo na ule mwili wake wote, mikono nyuma, akijitia anatazama mawingu.

Kipenga kilipolia, skrubu ya mwisho ilikuwa imeingia.

Kona ya kwanza nilifumba macho. Nilipofumbua, kigari kilikuwa kimeshaipita, kimeikata vizuri, makalio yametulia nyuma yake. Mzunguko wa pili, wa tatu. Kufika wa sita kilikuwa kimekiacha chekundu matairi manne nyuma, na watu wa Kasulo walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele. Ndipo fundi mkuu alipolewa sifa. Mzunguko wa nane aliinua mkono mmoja kuwapungia walio juu ya malori, na kigari kikapanda tairi chakavu, kikapinduka, kikabaki matairi juu kikikoroga hewa. Mpaka kilipoinuliwa, chekundu kilikuwa kimepita. Chetu kilimaliza yote kumi, lakini cha pili.

Fundi mkuu alitembea kuja kwetu akitikisa kichwa. "Difu," akawaambia watu. "Mmeona wenyewe. Difu imenigeuka."

Ningemjibu ningetukana, na ilikuwa Jumapili. Nilikichukua kigari, nikakaa kwenye kitenge, nikafungua difu ya mbele, kisha ya nyuma, mbele ya kila mtu. Nikazitoa gia moja moja, nikazifuta, nikazipanga kwenye kitenge, kila jino zima, likimeta. Nikamsogezea. Alichuchumaa. Aliinua moja akaigeuza kwenye mwanga, akaishusha, akainua nyingine. Watu walikuwa wananong'ona. Mhandisi akasema, kwa sauti yake ya taarifa ya habari, kwamba mizunguko ilikuwa kumi kamili. Fundi mkuu akainuka, akajipangusa magoti, akaenda zake.

Usiku ule nilikuwa na wasiwasi. Nilijua mtu akiaibishwa mbele za watu anaweza kusahau ahadi, na mimi ndiye niliyemwaibisha.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amesimama kando ya lori la mahindi lililovutwa toka barabara ya Biharamulo, difu imekufa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Hakunitazama. Dereva wa lori alikuwa pale, mwenye haraka, anamfuata fundi mkuu kila anakoelekea: lini litakuwa tayari, mzigo unangojwa, kambini watu hawajapata posho.

"Usiniulize mimi," fundi mkuu akamwambia. "Muulize fundi."

Dereva akageuka, akatazama nyuma yangu, akatazama upande wa stoo, akimtafuta. Hakuna mtu mwingine aliyekuwapo. Ndipo akanitazama mimi, toka kilemba mpaka viatu. Furaha ilinijaa mpaka nikahofia itaonekana, kwa hiyo nikakunja uso kama mtu mwenye kazi nyingi.

"Kesho saa nne," nikamwambia, ingawa sikuwa na uhakika hata kidogo.