Redio Iliyokuwa Imekwisha Kupona

Kosa langu kubwa la mwanzo katika ufundi wa redio lilikuwa kumnyima mama mmoja redio yake baada ya kuwa nimekwisha kuitengeneza.

Nilikuwa bado mgeni wa kazi, na meza yangu ilikaa kwenye kibaraza cha nyumba niliyopanga chumba, Temeke. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua redio mbovu nilizonunua kwa bei ya kutupwa, nikaua nyingi kabla ya kuponya moja. Kwa hiyo niliishi kwa wasiwasi. Kila aliyepita akaitazama meza yangu nilihisi anajua kwamba sina cheti. Redio ikitoka kwangu na kukoroma kidogo, nilikuwa nawasikia tayari wanawake wakisema bombani: yule kijana anabahatisha. Nikajiwekea sharti kwamba kitu hakitoki kibarazani kwangu kikiwa na dosari, na sharti hilo nikaliita kumtanguliza mteja. Nililiamini. Leo naona nilikuwa najitanguliza mwenyewe.

Mama huyo alikaa mtaa wa pili, mtu wa Newala, muuza vitumbua. Redio yake ndogo ya betri ilikuwa haisemi mpaka ipigwe kofi. Niliifungua mbele yake, nikaona waya umeachia, nikapasha chuma changu cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, nikaushika ule waya kwa risasi iliyoyeyuka. Ikasema bila kofi. Angeweza kuondoka nayo palepale. Lakini mtangazaji alipofika kwenye sauti nzito, spika ilikwaruza.

"Umeisikia hiyo?" nikamuuliza.

"Ipi?"

"Huo mkwaruzo. Karatasi ya spika imechanika."

"Mwanangu, iko hivyo tangu tulipoinunua. Nipe niende."

"Haiwezekani, mama. Niachie mpaka kesho."

Aliniachia kwa sababu niliongea kama daktari.

Ilikuwa masika. Nilibandika kiraka cha karatasi kwenye spika na gundi haikukauka. Nikairudisha, ikakwaruza kuliko mwanzo. Nikabandua, nikabandika tena. Mama alikuja jioni, akaja na jioni iliyofuata, kila mara kabla ya saa ya matangazo ya vifo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inasema?"

"Bado kidogo."

"Fundi, mie sitaki ngoma, nataka maneno. Baba yangu hoi huko kwetu. Wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, barua sijui zinafikia wapi, na barabara imekatika Rufiji. Likitokea la kutokea nitalisikia wapi?"

"Kesho, mama. Kesho utaisikia kama mpya."

"Basi hata niisikilizie hapahapa."

"Spika iko nje. Haiwezi kusema kabisa."

Akaguna, akacheka kidogo. "Ilikuja kwako inasema kwa kofi. Sasa hata kwa kofi haisemi."

Nilimwonea huruma, kweli, lakini alipogeuka tu nikainamia kiraka changu.

Jioni ya kesho yake hakuja, na nakiri kwamba nilipumua. Nikatoka kwenda dukani kutafuta gundi nyingine. Njiani kulikuwa na kilabu cha pombe chenye redio kubwa. Nje, chini ya upenu, mvua ikimnyeshea mgongoni, alisimama yule mama, kanga kichwani. Ni mtu wa swala tano, ambaye siku zote huvuka barabara ili asipite karibu na mahali pale.

"Mama mkwe!" mnywaji mmoja akamwita kutoka ndani. "Mbona unalowa? Ingia upate kikombe!"

"Nyamaza wewe," mwingine akamkaripia. "Hujui mwenzio anasikiliza vifo?"

Mtu akaongeza sauti. Mtangazaji alitaja mzee fulani wa Newala, kisha akasema habari ziwafikie wanawe popote walipo, akasoma majina. La tatu lilikuwa la mama yule, wa Temeke. Alikaa chini kwenye tope. Yule mnywaji aliyemtania aliweka kikombe, akatoka nje mwenyewe, akasema, "Pole, mama. Pole sana. Unakaa wapi, tukusindikize?"

Mimi nilikuwa nyuma yake, karibu kabisa. Nikageuka, nikarudi nyumbani bila gundi.

Niliifunga redio ile gundi ikiwa bado mbichi, na asubuhi nikaipeleka msibani. Wanaume walikuwa wamekaa mkekani nje. Kaka wa yule mama, aliyekuwa amefika kutoka Ubungo, alikuwa anamuuliza dada yake wamesema baba atazikwa lini, na mama hakujua. Baada ya kusikia jina lake hakusikia kingine. Kaka akaipokea redio, akaiwasha. Ilikwaruza vibaya. Hakuna aliyeinua kichwa. Matangazo yaliporudiwa, wote walisikia waziwazi: mzee alikuwa amekwisha kuzikwa jana yake.

Walipomaliza kuomba dua, kaka akanigeukia.

"Ndugu fundi, kumbe inasema. Ilikuwa inaumwa nini siku zote hizi?"

Mama akanijibia kutoka mlangoni, bila ukali wowote. "Ilikuwa inakwaruza."

Kaka aliendelea kunitazama, akisubiri maelezo mengine.

"Kukwaruza tu?"

"Ndiyo," nikasema.

Hakunitukana. Alisogeza mguu ili nipate mahali pa kukaa, nami nikakaa, nikiwa sijui nitazame wapi. Mama yule tunasalimiana mpaka leo, lakini redio yake ikiharibika huipeleka kwa fundi mwingine.

Siku hizi mtu akileta redio namuuliza kwanza anataka kusikiliza nini, na anaihitaji lini. Nikisha kuondoa ubovu alioutaja yeye, namrudishia. Dosari nyingine nikiiona namwambia, na mwenye redio ndiye anayeamua. Wasiwasi haujaniisha, bado huwa natoka hadi barabarani kuisikiliza redio mteja anapoondoka nayo. Lakini simwiti arudi.