Taa Iliyoingia Shamba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Ofisi ya mfuko wa umeme wa jua ilikuwa Ifakara, vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo, na paneli zilikuwa zimeegemezwa ukutani hadi nje. Meneja wa mfuko alitoka, akautazama mkoba wangu wa bisibisi na koleo, kisha akasema, "Mama Benigna, hapa hatugawi taa. Tunagawa masharti. Atakayeyatimiza, taa itamfuata mwenyewe."

"Sawa, meneja," nikamjibu, "ila mimi nimesomea umeme. Masharti sikuyasomea."

Akacheka. Alidhani namtania.

Ninyi vijana wa leo mnabonyeza simu, sola inawaka, deni linakatwa kidogo kidogo, mnaona ni jambo la kawaida. Wakati wetu ilikuwa hivi: mfuko ulitoa ruzuku, yaani ulilipa sehemu ya gharama ya paneli, betri na nyaya, na mwenye nyumba akatoa sehemu iliyobaki, ambayo tuliiita mchango wa kaya. Mkulima wa mpunga ana hela mara moja kwa mwaka, akishauza. Kwa hiyo kazi ya afisa wa uwandani kama mimi ilikuwa kuwahi mavuno, kufanya mkutano, kukagua nyumba, kusimamia ufungaji, halafu kurudi kuona kama kitu bado kinafanya kazi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Idete, chini ya fundi mkuu wa kanda, mzee mpole asiyependa waya uliolegea. Yeye ndiye aliyenifundisha kuigeuza paneli ielekee kaskazini, kwa kuwa kwetu jua huegemea upande huo muda mrefu wa mwaka, na kutoruhusu mtu aruke kontrola, kile kiboksi kinachozuia betri isishibe ikapasuka wala isiishiwe ikafa. "Benigna," alizoea kusema, "ukifunga vibaya, watu hawatamlaumu fundi. Watalilaumu jua." Pale Idete tulimkuta baba mmoja ameficha paneli chini ya kitanda akiogopa wezi, halafu analalamika kwamba haitoi umeme. Nikamwambia, "Baba, hii siyo kuku anayeatamia. Ianike juani!" Mke wake alicheka mpaka akakaa chini.

Baadaye nikahamishiwa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, nikakabidhiwa kijiji ambacho sitakitaja, maana wenyewe bado wapo na hawapendi kusemwa. Awamu ya kwanza, ya nyumba za watu, tuliimaliza vizuri, paneli zikakaa juu ya mabati na juu ya nyasi. Awamu ya pili ilikuwa zahanati. Mfuko uliahidi kuifungia mtambo wa kutosha taa za chumba cha kujifungulia na jokofu la chanjo, kwa sharti moja: mkaguzi aje kwanza, azikute paneli za awamu ya kwanza kwenye "paa la makazi ya kudumu". Akizikosa, zahanati haipati kitu.

Nesi wa zahanati ile aliitwa Edina. Alikuwa anazalisha huku ameibana simu kwa meno ili tochi yake imulike kitandani. Siku moja nilimshikia mimi, mpaka mtoto akalia. Edina hakutaka lolote lingine duniani ila ile taa. Kila nikifika ananisalimu kwa kuniuliza, "Dada, bado?" Namwambia, "Bado, ila inakuja." Nilikuwa na hakika.

Mkaguzi akaja kutoka Dar wakati mpunga unaanza kushika rangi. Mtu wa bonde akisikia hivyo tu amekwisha elewa kilichotokea. Wakati huo kijiji kinahama. Watu wanafunga milango, wanabeba sufuria, neti na kuku, wanakwenda kuishi mashambani kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, mchana wafukuze ndege na usiku wafukuze nguruwe pori na viboko. Kijijini wanabaki wazee wasioweza safari. Na watu wangu walipohama, walipanda juu ya paa, wakafungua boliti, wakaifunga paneli kwenye baiskeli pamoja na godoro. Ungewalaumu? Taa wamulikie nani, mabati?

Mimi siku ile nilikuwa Ifakara kufuata betri, nikachelewa. Mkaguzi akatangulia. Nyumba ya kwanza alimkuta bibi anayeugua magoti, akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo, bibi. Paneli ya hapa iko wapi?"

"Marahaba, baba. Imeingia shamba."

Nyumba ya pili, imeingia shamba. Ya tatu, hivyo hivyo. Huku kwetu kuingia shamba ni kuhamia dungu, hata mtoto anajua. Lakini mgeni yule alisikia neno la mjini: mtu anayeuza kitu na hela yake ikaingia shamba, ikawa mbegu na vibarua. Akaona kijiji kizima kimeuza ruzuku! Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye gari, uso umekunjamana.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa upole, naapa. Akasema, "Mama, nimekagua mahali pengi. Kila mahali paneli ikikosekana kuna hadithi nzuri." Na hilo sikumkatalia, kwa sababu walaghai wapo na walishamdanganya kabla yetu. Nikamwambia twende basi shambani akaone kwa macho yake. Akayatazama maji yaliyosimama njiani, akatikisa kichwa. "Hata nikienda, sharti linasema paa la makazi ya kudumu. Dungu siyo paa la kudumu. Tia sahihi, tumalize."

"Thubutu!" nikasema. Lilinitoka lenyewe.

Kanuni yetu ilikuwa kwamba taarifa haitoki bila sahihi ya afisa wa eneo. Meneja akaniita Ifakara. Akafunga mlango. "Benigna, usiniletee ukaidi. Wafadhili wanataka jibu."

"Ukaidi ninao, meneja. Na leo nimekuja nao kazini. Siwezi kuandika kwamba watu wameuza kitu ambacho usiku huu kinawamulikia."

"Nitakuhamisha."

"Nihamishe. Sahihi yangu itabaki kwangu."

Msidhani kijijini nilipokewa kwa vigelegele. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameamua watu wazirudishe paneli zote kwenye mapaa, wasubiri mkaguzi arudi, hata kama mashamba yatalala gizani na nguruwe wakapata karamu. Wengi walikuwa tayari, kwa ajili ya zahanati. Nikapinga. Nikasema tukizirudisha tutakuwa tumekiri kosa ambalo hatukulitenda, na kila msimu tutakuwa watu wa kupandisha na kushusha kama wacheza sarakasi. Edina akanigeukia mbele ya mkutano mzima, machozi yanamlenga.

"Dada Benigna, wewe unapigania heshima. Mimi napigania leba. Ukikosea, wewe utapewa kituo kingine. Mimi nitarudi kuuma simu."

Lile neno lilinichoma. Hadi leo linanichoma, kwa kuwa alisema kweli. Niliogopa, tena sana. Lakini nilijua kitu kimoja: taa inayopatikana kwa kuigiza, mwakani ungekuja ukaguzi mwingine, na ingeondoka. Nikawaomba wanipe nafasi ya kumleta meneja. Mama mmoja aliyekuwa ametoka shamba na tope mpaka magotini akasimama, akasema, "Mimi yangu siirudishi. Juzi nimemulika nikaona nyoka kando ya mwanangu. Aje huyo mkubwa, nitampa na ugali." Wengine wakaitikia. Mwenyekiti akakuna kichwa, akaketi.

Meneja alikuja. Sikumpenda mtu yule kila siku, lakini haki yake nampa: alivua viatu, akakunja suruali, akatembea kwenye maji nyuma yangu bila kulalamika. Jua lilikuwa linazama. Kwenye madungu watu wakaanza kuwasha, hapa moja, kule nyingine, mpaka mbali kwenye mpunga. Yule mama akamkaribisha juu, akampa ugali na kambale kama alivyoahidi. Meneja akala, akamaliza. Akaishika kontrola iliyofungwa kwenye nguzo, akakagua nyaya zake, akaniuliza nani kazifunga. Nikamwambia ni mwenye dungu mwenyewe, nilimfundisha.

"Kazi safi," akasema. Kisha akaguna. "Lakini Benigna, wakubwa wangu wanasoma neno. Neno ni paa."

"Basi badilisha neno, meneja. Andika 'mahali inapoishi kaya'. Hawa wanaishi wapi sasa hivi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nawe leo umekikalia."

Akanawa mikono polepole. Alikuwa na familia, alikuwa na mkataba unaokaribia kwisha. Mwishowe akasema, "Nitaandika. Ila ujue, hili litatugharimu sote wawili."

Na lilitugharimu. Wakubwa walibishana wee, mpaka mpunga ukavunwa, ukauzwa, ndipo neno likakubaliwa. Meneja hakuongezewa mkataba. Mimi nikapelekwa Chita, mbali na wote niliowazoea, kwa maelezo kwamba nahitajika zaidi huko. Haya. Nikahitajika kweli! Wafugaji wa Kisukuma wa kule, ambao zamani walinyimwa ruzuku kwa sababu wanahama na ng'ombe, sasa walikuwa na haki, maana nao wanaishi mahali fulani. Nikawafungia paneli zinazobebeka mpaka miaka yangu ya kazi ikaisha.

Wanaonijia siku hizi kuuliza habari za kazi hii nawaambia hivi: jifunzeni nyaya, mzijue barabara, halafu jifunzeni kusema hapana. Sharti limeandikwa na mtu, na mtu anaweza kukosea akiwa mbali. Mkiwa ninyi ndio mlio karibu na mkanyamaza, kosa linakuwa lenu.

Siku ya kuniaga, bosi mpya, kijana mwenye maneno matamu, alinisifu mbele ya watu, kisha akaniinamia na kusema taratibu, "Mama, ungekuwa mtiifu kidogo tu, ungefika mbali."

Nikamuuliza, "Mbali wapi, mwanangu? Nilitaka kufika leba ya Edina. Kabla ya kupelekwa Chita nilifika, nikawasha mwenyewe, akazalisha bila kuuma simu."